Kuni Zinalala Wapi

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na jiko la gesi la sahani mbili. Kitenge nimekishona. Keki mliila wenyewe kabla sijashika kisu. Jiko la gesi liko hapa pembeni, limechemsha chai ninayokunywa nikiandika. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani mama huyu aliyejenga majiko ya kuni miaka thelathini na ushee ni adui wa gesi. Sina ugomvi na gesi. Ugomvi wangu ni na fomu yenu.

Fomu ile ya kumhudumia mteja ina visanduku vya kuweka tiki: kuni, mkaa, gesi, umeme, biogesi, vumbi la mbao. Mteja akiingia karakana mnamuuliza anataka nini, mnaweka tiki, mnakwenda kupima jikoni kwake, mnajenga. Kazi safi, nayo ina muhuri. Lakini swali la kwanza halimo. Mlipoomba niwaandikie namna ninavyomchagulia mtu kitu cha kuwasha nyumbani kwake, niliona siwezi kueleza bila kusimulia jinsi swali hilo lilivyonifikia. Lilinifikia kwa aibu, na leo nalionea fahari kuliko vyeti vyangu vyote.

Niliingia karakana nikiwa msichana wa kuchekecha udongo. Wakati ule karakana yetu ilikuwa vyumba viwili na kibanda nyuma ya soko la Tukuyu, na mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku, kibanda kilivuja juu ya udongo niliokwisha kuuchekecha. Wanawake wa kazi hii hawakuwepo. Wateja wakinikuta nimeshika mwiko waliniuliza fundi yuko wapi, nami niliwajibu, "Ametoka kidogo, karibu ukae," kisha nikaendelea kujenga huku wakimsubiri.

Fundi wa bati alikuwa Mzee Shabani. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na nyundo na mkasi wa bati, na familia ikabaki na ufundi huo, pamoja na Kiswahili kilichotufanya sisi Wanyakyusa tujisikie tunatafuna mawe tunaposema. Alitengeneza taa, karai, majiko ya mkaa na dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi. Kila kitu alichomaliza alikigonga alama ya nukta tatu zilizokaa kama mafiga. Niliwahi kumuuliza kwa nini hagongi jina lake. Alisema jina linasomwa na waliosoma, ila mafiga kila mtu anayajua.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa vipande viwili vya kuni.

"Kikavu kipi, binti?"

Nikaonyesha kile cheupe kilichochakaa, maana kile kingine kilikuwa cheusi kama kimetoka mtoni.

"Viweke shavuni."

Nikaona anataka kunichekesha, lakini nikaweka. Kile cheupe kilikuwa cha baridi, baridi ya kuuma. Kile cheusi kilikuwa vuguvugu.

"Jicho hudanganywa na rangi," akasema. "Shavu halidanganyiki. Maji yako ndani, utayaona kwa wapi?"

Basi nimepitisha miaka yote hiyo nikibusiana na kuni mbele za watu. Najua mlinicheka. Mlininunulia na kile kifaa cha betri cha kupima unyevu, na mara ya kwanza tulipokishindanisha na shavu langu, nadhani mnakumbuka nani alishinda.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa kwenye mafunzo ya majiko sanifu. Nilirudi na mchoro, cheti na kiburi. Mchoro ulikuwa mzuri kweli: jiko la tofali lililofungwa pande zote, mlango mdogo wa kuni, mashimo mawili ya sufuria, na dohani ya kupeleka moshi nje. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Kyimo, kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Ambokile. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye maneno machache, na huyo Ambokile alikuwa kitinda mimba wake, bado anabebwa mgongoni. Jikoni kwake palikuwa na mafiga matatu, na juu yake dari la mianzi lililopangwa kuni upande mmoja na mahindi upande mwingine. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsalimia kabla sijamwona.

Nilijenga kwa siku mbili. Mzee Shabani alikuwa amenikunjia dohani ya vipande viwili, pana, pindo lake limebanwa hata wembe haupenyi. Nilipomaliza niliwasha jani kavu la mgomba mlangoni mwa jiko, na moshi wote ukavutwa ndani ukatokea juu ya paa. Mama Ambokile akatoka nje, akautazama, akarudi ndani, akasema, "Ndaga fijo." Ni asante sana ya kwetu, nayo haisemwi ovyo. Nilishuka Tukuyu kwa miguu huku nikijiimbia.

Miezi mitatu haikuisha, nikaletewa salamu sokoni: Mama Ambokile anamwita fundi. Nikajua anataka la pili. Nikachukua na futi ya kupimia.

Nilikuta jiko langu limebomolewa kwa jembe. Tofali zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, maana yule mama hakuwa mtu wa kuharibu mali, na mafiga yake matatu yamerudi mahali pake, na moshi umerudi na mizigo yake yote. Alinikaribisha kiti, akanipa chai ya maziwa, akasubiri nimalize kikombe. Ndipo akaongea.

"Mwanangu, hapa kwetu mvua hainyeshi?"

"Inanyesha, Mama."

"Kuni zangu nakausha wapi?"

Nikatazama juu. Dari lilikuwa lilelile.

"Zilikuwa zinakauka kwa huo moshi na joto lake," akasema. "Wewe umefungia moto ndani ya tofali, moshi umeupeleka kwa majirani. Kuni zikalala juu mbichi, zikashuka mbichi. Nikaziingiza kwenye jiko lako zikalia machozi. Bomba likaziba. Mahindi nayo yakaingia fukusi, na mianzi ikaanza kuliwa na bungua. Ulikuja kunitoa moshi, ukanitolea na ukavu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikamwomba radhi, nikauliza kama naweza kurudisha dohani karakana.

"Hapana," akasema. "Bomba nimelipenda. Litafidia mahindi yangu."

Nilirudi nikamsimulia Mzee Shabani nikiwa na uso mrefu. Sikulia, nilivumilia hadi mwisho wa habari. Hakunigombeza. Aliendelea kukunja bati, halafu akauliza, "Kabla hujajenga, kuni zake zilikuwa zinalala wapi?"

"Sikuuliza."

"Basi hukujenga jiko. Ulijenga ukuta wenye tundu."

Hilo ndilo swali lisilokuwemo kwenye fomu yenu. Msimuulize mtu anataka kuwasha nini. Muulizeni kile anachowasha kinalala wapi kabla hakijawashwa: kinakaushwa na nani, kinaletwa na nani, na kikikosekana mvua ya Aprili anafanyaje. Mkishajibiwa hayo, jiko litajichora lenyewe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kwenda na futi.

Tangu siku ile nilijiwekea desturi ya kukaa jikoni kwa mteja asubuhi nzima bila kupima chochote. Nilikunywa chai nyingi sana, na yapo mengi niliyojifunza ambayo semina haziyasemi. Nyumba moja yenye ng'ombe watatu ilitaka biogesi, na kwa haki ilistahili, samadi ilikuwa inawashinda. Nilipokaa nikasikia baba na mama wanabishana kuhusu ng'ombe wawili wa kuuzwa mwezi ujao. Nikafunga daftari. Mtambo wa biogesi ni mgeni anayekula kila siku, na kwa baridi ya huku anakula mara mbili ndipo atoe moto. Ng'ombe akiuzwa, mtambo unabaki shimo ghali. Niliwaambia wauze kwanza, wabishane kwanza, kisha waniite. Hawakuniita, na mpaka leo tunasalimiana vizuri kanisani.

Kuna meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa na nyumba ya zamani yenye meko ya sebuleni, yale ya kuotea moto. Alitaka nimzibulie dohani. Nilimkuta amerundika kuni za misindano mibichi, yaani misonobari, kwa kuwa ilikuwa karibu na, kama alivyosema, inanukia vizuri. Nikamwambia msindano una utomvu, na ukiungua kabla haujakauka unapaka dohani kwa ndani, siku moja hiyo dohani itajiwasha yenyewe. Akacheka, akasema yeye amesoma misitu. Wiki chache baadaye dohani ilishika moto ikanguruma mpaka wachuma chai wakakimbia kutoka shambani. Nyumba ilipona kwa kuwa waliojenga zamani hawakubania tofali. Aliponiita tena hatukuzungumzia misitu. Nilimpa milingoti, yaani mikaratusi, iliyopasuliwa na kukaa bandani msimu mzima wa kiangazi, na visiki vya michai iliyozeeka ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaing'oa na kuitupa. Kisiki cha mchai kikikauka kina joto la kuaminika kuliko mti wowote nilioshika, na alikuwa amekikalia.

Kuhusu mkaa sitafanya utani. Walimu wawili, mke na mume, waliingiza jiko la mkaa chumbani Julai moja wakafunga dirisha kwa ajili ya ukungu. Waliokolewa na jirani aliyekuja kuazima chumvi akaona hawaitiki. Nilikwenda kuwaona hospitalini, na yule mume akaniambia, "Lakini fundi, halikuwa na moshi." Ndiyo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Moshi ni mwizi anayepiga kelele, mtu anaamka. Mkaa unaingia kimya. Mteja akitaka mkaa kwa ajili ya kuota ndani ya nyumba iliyofungwa, mkatalieni, hata kama ni mkubwa wa wilaya. Mimi nimekataa, na bado nipo.

Mzee Shabani alifariki nikiwa katikati ya miaka yangu ya kazi. Familia yake iliniita ikanikabidhi mkasi wake wa bati na msumari wa kugongea nukta. Mkasi nimeutumia mpaka juzi. Msumari niliuweka, sikuwahi kugonga alama yake kwenye kazi yangu. Nilikuwa naona bado.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Mwaka wangu wa mwisho kazini, mwezi wa tano, aliingia karakana mwanamume mmoja wa makamo, amevaa vizuri, viatu vya Dar es Salaam vimeshapata tope letu. Akasema anatafuta jiko lisilo na moshi kwa ajili ya mama yake, Kyimo. Nikamuuliza jina.

"Ambokile."

Nikamtazama nikamwona mgongoni mwa mama yake.

Alinieleza akiwa amesimama. Kifua cha mama kimeharibika. Daktari amesema akae mbali na moshi, si kwa kupunguza, kwa kuacha. Amemnunulia mtungi wa gesi mkubwa na jiko lake, na mama ameuweka sebuleni, ameufunika kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka picha ya marehemu baba.

"Shangazi, nimechoka kubembeleza," akasema. "Mwisho wa mwezi wa sita nakuja na gari. Nikikuta moshi, naondoka naye. Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna moto, hakuna baridi. Atapumzika."

"Yeye anasemaje?"

Akatazama viatu vyake. "Anasema nikimpeleka kule nimtafutie na jeneza kabisa, nisije nikahangaika."

Kesho yake nilipanda Kyimo. Mama Ambokile alikuwa amepungua mwili, amejifunga kanga mbili kifuani, amekaa palepale pa siku zote mbele ya mafiga. Alikohoa kabla ya kuitikia shikamoo yangu, akakohoa tena baada ya kuitikia.

"Umerudi," akasema. "Nilisema atarudi. Sikujua kama atachelewa namna hii."

Nilikaa siku mbili bila futi. Niliona kwa nini gesi imefunikwa kitambaa, na si ushamba kama mwanawe alivyodhani. Gesi ingempikia chai, basi. Isingemwotesha asubuhi ukungu unapoingia mpaka mlangoni. Isingemkaushia kanga, wala kulinda mahindi, wala kuivisha maharage ya mbalaga, chakula chetu cha ndizi, yanayochemka nusu siku. Tena majirani, akina mama watatu wa rika lake, walikuja kila asubuhi kuota na kusema watu, na hakuna anayekuja kuota mtungi. Moto wake ulikuwa na kazi nyingi, na kila aliyemletea jiko alimletea la kazi moja. Mimi nikiwa wa kwanza.

"Mama," nikamwambia, "ukienda Dar utapona kifua."

"Kifua kitapona," akasema. "Mimi je?"

Nilitoka nje nikajifanya naangalia paa. Niliona uchungu wa kweli. Kama jiko langu la kwanza lingekuwa jiko, mama huyu angekuwa amevuta hewa safi miaka thelathini na mitano. Hilo sikumwambia mtu yeyote, nawaambia ninyi.

Nikachora. Jiko lililofungwa, kama lile la kwanza, lakini dohani isipande moja kwa moja. Moshi utoke kwenye jiko, upite ndani ya benchi la tofali lenye urefu wa mtu mzima aliyelala, uliache joto lake humo, ndipo upande nje. Benchi ndilo la kuotea, yeye na majirani zake. Juu ya benchi dari jipya, karibu, ili joto likaushe kuni bila moshi. Mahindi yaingie kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Gesi itoke sebuleni ifanye kazi yake ya chai na uji wa asubuhi, na picha ya baba itundikwe ukutani inakostahili. Kuni ziwe matawi ya mparachichi ya kuwashia, maana siku hizi kila mtu Rungwe anapogoa parachichi, na visiki vya michai vya kukaa na moto. Nilimpigia simu Ambokile nikamweleza. Nikamwambia kazi yake si kununua jiko, kazi yake ni kuhakikisha kuni za mwakani zimepasuliwa mwaka huu.

"Na kama moshi utatoka?"

"Ukitoka, njoo na gari lako."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko uhakika niliokuwa nao.

Nilijenga mwenyewe, siku nane, mgongo wangu ukinikumbusha umri kila tofali. Siku ya tisa niliunga dohani mpya niliyonunua dukani, maana siku zile fundi wetu wa bati, aliyeshika nafasi ya Mzee Shabani, alikuwa safarini. Nikawasha jani kavu la mgomba. Moshi ukaingia ndani ya jiko, ukaingia kwenye benchi, ukasita. Kisha ukarudi wote usoni kwangu. Mama Ambokile alitoka nje akiwa ameshika ukuta, akakohoa mpaka akakaa chini, na mimi nikabaki ndani nimeshika jani linaloungua kama mtu aliyeshikwa ugoni.

Nikajua kosa upesi. Njia ya moshi ilikuwa ndefu, na bomba la dukani lilikuwa jembamba, bati lake laini, pindo limeachia. Halivuti. Nilihitaji bomba pana lililobanwa, la mkono wa zamani, ambalo mimi sikuwahi kujua kulikunja, na zilibaki siku kumi na nne. Nikakaa kwenye benchi langu baridi. Nikafikiria jinsi ya kumpigia Ambokile.

Mama akaingia polepole, akasimama akilitazama lile bomba.

"Hilo ni la nani?"

"La dukani, Mama."

"Yule mzee wa pwani hakufanya hivyo."

Akaniambia nipande kwenye dari la zamani, nyuma kabisa, nivute vilivyoko. Nikapanda. Nikavuta vitu viwili virefu, vyeusi, vizito, vimezibwa ncha moja kwa bati na nyingine kwa magunzi. Nilipovishusha vikatoa sauti ya kitu kinachomwagika ndani. Nikapangusa masizi kwa kanga. Karibu na pindo, zikatokea nukta tatu zilizokaa kama mafiga.

Miaka yote ile alikuwa anahifadhi mbegu za maharage ndani ya dohani yangu. Bati la kawaida kwa mvua ya huku halimalizi miaka kumi. Hili lilikaa ndani, juu ya moto, likapakwa moshi kila siku, na kutu haikuliona. Moshi nilioufukuza ndio uliolitunza. Tulimwaga mbegu kwenye ungo, zikajaa nyekundu na zinang'aa, nikaligonga bomba, nikalisugua ndani kwa mchanga, nikachungulia tundu za kutu sikuona hata moja. Wembe bado haukupenya kwenye pindo.

Nikaliunga. Nikawasha jani. Moshi ukaingia ndani ya jiko, ukapita kwenye benchi, sikuuona tena. Mama Ambokile alikuwa nje.

"Unatoka?" nikapiga kelele.

"Unatoka," akajibu. "Na unaelekea kwa majirani kama zamani."

Hapo ndipo nilipolia, nikasingizia masizi.

Jumamosi ya mwisho ya Juni nilipanda Kyimo kukagua nyufa za udongo. Gari la Ambokile lilikuwa limeegeshwa uani, begi la mama yake limeshaingizwa. Alikuwa amemwambia jirani amfungie nguo mapema, asije akapoteza muda kwa ubishi. Ndani nilimkuta amekaa kwenye benchi, amevua viatu, mgongo ukutani. Mama yake alikuwa amekaa ncha nyingine, mbele yake ungo wa mbegu, anachambua. Kuni zilikuwa zimepangwa darini juu yao. Nikachukua kimoja nikakiweka shavuni. Vuguvugu.

Tulikunywa chai, iliyochemshwa kwa gesi nawahakikishia, tukasema habari za barabara na bei za parachichi, vikombe vikaisha, vikajazwa tena. Mama alikohoa mara mbili. Ambokile alikuwa anamsikiliza kuliko alivyokuwa anaongea. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema, "leo umekohoa mara mbili tu."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa, "Sasa tunasemaje? Tunaondoka, au?"

Mama Ambokile alichota mbegu kwenye ungo, akazipuliza vumbi, akanigeukia mimi kwa ukali uleule wa siku ya jembe.

"Fundi, bomba langu umelichukua. Haya niambie, mbegu zangu za mwakani zitalala wapi?"

Ambokile akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka nje kushusha begi kutoka kwenye gari.

Mimi nilirudi karakana Jumatatu, nikachukua mkasi wa Mzee Shabani na kipande cha bati zuri, nikamkunjia kopo la mbegu lenye mfuniko. Ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya kwa mikono yangu kabla hamjaniletea keki. Nilipomaliza pindo nilijaribu kwa wembe. Kisha nikatoa ule msumari, nikagonga nukta tatu.